Meza Isiyokuwa na Paa

Meza ikisimamishwa juu ya mchanga, mguu mmoja huzama kuliko mingine. Anayewaambia kwamba meza yake haizami, huyo hajawahi kuweka supu juu yake. Nimeandaa vyakula vya nje kando ya ziwa hapa Uvira kwa zaidi ya miaka thelathini. Ninyi vijana mnaopanga viti vya plastiki ufukweni kila Jumapili, mkiniuliza kazi hii inaanzia wapi, mnataka nizungumze juu ya samaki. Kazi inaanzia kwenye miguu ya meza. Tafuta vipande vinne vya ubao, kila kimoja kipana kama sahani, uviweke chini ya miguu, halafu panda juu ya meza ukae. Ikikubeba wewe, itabeba na samaki. Na kama ni kuanguka, afadhali uanguke saa nane za mchana ukiwa peke yako kuliko saa kumi na mbili mbele ya wageni.

Aliyenifundisha hayo ni Papa Ramazani, mpishi wa nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya maji, upande wa Kimanga. Alikuwa mtoto wa wale Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara ya ziwa, wakaoa, wakabaki. Mtu mfupi, mkavu, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwona akicheka. Mimi nilikuwa nimetoka Kiringye, kule uwandani, nikiwa kijana mzima mwenye cheti cha shule ya msingi, nimepanga chumba Nyamianda. Aliniuliza kama ninajua kupika. Nikasema ninajua vizuri sana. Akasema basi nitapanga meza.

Wiki ya kwanza niliambiwa niandae meza ya watu kumi ufukweni, enzi zile ambapo wageni wote walikuwa Wazungu na sisi wote tulikuwa boyi, hata Papa Ramazani mwenye wajukuu. Nilitandika kitambaa cheupe, tulikiita nape, kikubwa kama tanga, nikakinyoosha kwa mikono mpaka kikawa hakina hata mkunjo. Nikageuka kuchukua vijiko. Niliporudi, meza ilikuwa uchi. Kitambaa kilikuwa juu ya maji, kimejaa upepo, kinaelekea ng'ambo bila haraka yoyote.

Papa Ramazani alitoka jikoni akasimama karibu nami. Tukakitazama pamoja kwa muda mrefu.

"Ile nape inaenda Usumbura," alisema. "Na haina karatasi ya kuvukia."

Kesho yake alinipa sindano, uzi, na vijiwe vya ziwani, akaniambia nishone kijiwe kimoja katika kila pembe ya kila kitambaa tulichonacho. Ilinichukua siku mbili. Mpaka leo, nikiingia mahali nikaona kitambaa cha meza kinapepea, vidole vinaniuma.

Upepo wenyewe mnapaswa kuujua. Mchana unatoka ziwani kuja milimani. Jua likishaingia nyuma ya milima, na kwetu linaingia mapema kwa sababu milima iko mgongoni petu, upepo unageuka na kushuka kutoka juu kwenda majini. Ukiweka moto wa samaki nyuma ya wageni, mchana wote moshi utakwenda zake mjini nawe utajiona fundi. Jioni utawaliza watu. Weka moto ubavuni, upande wa kusini au wa kaskazini, na taa iweke mbali zaidi, kwa sababu wadudu wa ziwa wanafuata taa, hawafuati watu. Na usiweke meza kwenye njia ya kiboko. Njia ya kiboko inajulikana: ni ile sehemu nzuri, isiyo na majani, iliyolainishwa kama barabara, ambayo kila mgeni anaionyesha kwa kidole na kusema tukae hapa.

Kuna bwana mmoja, mkubwa wa mambo ya pamba, alikataa kuhamishwa. Alisema amelipenda eneo. Saa kumi na mbili na nusu kiboko alitoka majini akaenda kula majani, kama alivyofanya jana na juzi. Hakumgusa mtu. Alipita tu, na meza ikapita naye kidogo. Wageni walikuwa wamekwisha kupanda kwenye gari lao, hata wale wazee. Papa Ramazani alikwenda kukagua uharibifu, akarudi na sufuria mikononi, akamwambia yule bwana kwa Kifaransa chake cha jikoni kwamba mnyama hakugusa supu, kwa hiyo ikiwa bado wana njaa ipo.

Uhuru ulipokuja, mwenye nyumba, Mgiriki mmoja, alivuka ziwa asubuhi moja na masanduku yake, akamwachia Papa Ramazani funguo. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Papa Ramazani aliendelea kupika. Alibadilisha meni: akaweka bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wetu mukeke wa kuchoma, kwa sababu sasa wageni wangekuwa watu wetu. Wageni wetu walipokuja, makarani waliokuwa wamepandishwa vyeo juzijuzi, waliomba viazi vya kukaanga na forsheti, yaani uma wa kulia. Wazungu wachache waliobaki ndio walioomba sombe. Papa Ramazani alilitazama jambo hilo kwa miezi, kisha akasema kwamba kila muntu anataka kula chakula cha muntu mwingine, akaandika vyote viwili kwenye ubao.

Haya yote nimewaambia ili mfike kwenye chakula kimoja, kile ambacho nikifunga macho ninakiona sahani kwa sahani. Kilikuwa cha watu wanne tu.

Ilikuwa mwaka wa nne wa uhuru, likizo ya Pasaka. Ilitufikia barua kutoka Bukavu, kurasa nne, imeandikwa kwa mwandiko wa shule, mistari imenyooka. Aliyeandika alikuwa mwalimu, anaitwa Anselme. Alisema anasafiri kushuka Uvira na mke wake Perpetua, na anaomba tumwandalie, Jumamosi jioni, chakula cha printemps kando ya ziwa. Alichora hata meza. Alichora maua juu yake.

Papa Ramazani hakusoma Kifaransa, kwa hiyo nilimsomea. Akauliza printemps ni nini. Nilimweleza nilivyofundishwa: ni miezi ile ambayo baridi imekwisha, jua linakuwa la upole, maua yanachipuka, na watu wanatoka nje kula. Akaacha kisu, akatoka mlangoni, akautazama mlima. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Akarudi.

"Iko wapi hiyo?"

"Iko Ulaya, Papa."

"Basi aende akulie kule."

Mnajua mwezi wa nne ulivyo kwetu. Mvua inanyesha mpaka mto Mulongwe unabeba mawe yenye ukubwa wa mbuzi. Chakula cha nje mwezi wa nne si chakula, ni kuoga na nguo. Lakini mwalimu alikuwa ametuma barua, na siku ya Alhamisi akashuka mwenyewe kutoka kwenye lori, kijana mrefu, amevaa miwani na kravati, ile tai ya shingoni, yenye vumbi, akiwa na mke wake nyuma, mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho yasiyokwepa. Mwalimu alituzungushia ufukwe wote akieleza. Alikuwa amefundisha somo la printemps miaka sita mfululizo, kutoka kitabu kile kile, na aliijua vizuri mno kwa mtu ambaye hajaiona.

Ni Perpetua aliyekuja jikoni baadaye, akakaa kwenye gunia la mkaa, akatueleza ukweli. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Kiringye, ingawa nilipoondoka alikuwa bado mtoto na sikumtambua. Baba yake, mzee Rusati, nilimjua. Kila mtu wa Kiringye alimjua. Alikuwa mkulima wa mpunga ambaye akisema kitu Jumatatu, Ijumaa kitu hicho bado kimesimama pale pale.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliopita, wakati harusi imekwisha kupangwa Bukavu, kaka mkubwa wa mzee Rusati alifariki. Mzee alimwandikia mkwe barua, akaomba waahirishe mpaka kilio kiishe. Hakupata jibu. Harusi ikafungwa siku ile ile iliyopangwa, watu wakacheza, wakati yeye amenyoa kichwa na amekaa chini. Mwalimu kwa upande wake aliapa kwamba hakuona barua yoyote, na alipopata habari za msiba, walikuwa wameoana wiki tatu. Alituma wazee kuomba radhi. Mzee aliwapa maji ya kunywa, akawarudisha. Alisema mtu anaweza kumchukua binti yake, lakini yeye hataingia chini ya paa moja na mtu huyo.

"Sasa amekubali kuja?" niliuliza.

Perpetua akasema mama yake amemsumbua mwaka mzima. Mwishowe mzee amekubali kula na mwalimu mara moja, amwangalie usoni. Lakini neno lake liko vilevile. Kwa hiyo si Bukavu, si Kiringye, si nyumba yoyote. Nje.

"Bwana yangu akaona haya kuandika vile mu barua," alisema. "Akaandika printemps."

Papa Ramazani alikuwa anakatakata vitunguu na hakuacha. Baada ya muda aliuliza kama mvua ikinyesha, turubai itakubaliwa. Perpetua alifikiri vizuri. Alisema kwa baba yake, turubai ni paa. Papa Ramazani akauliza na majani ya migomba yaliyofungwa juu ya miti. Akasema hiyo ni paa zaidi. Vitunguu vikaendelea.

"Na mwavuli?"

Perpetua akafikiri tena, muda mrefu zaidi. "Mwavuli ni nguo," alisema. "Muntu anatembea nayo."

Basi Ijumaa nilizunguka mji mzima nikiazima miavuli. Mmoja niliupata kwa katekista, miwili kwa wafanyabiashara wa nguo, mmoja kwa mkunga ambaye aliniambia nikichelewa kuurudisha nitazaa mwenyewe. Tulipata minne mizima na mmoja wenye mbavu zilizovunjika. Mukeke tuliagiza mapema, kwa sababu mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na mwezi ukijaa wavuvi wa taa hawatoki. Hilo nalo liandikeni. Mtu wa chakula cha ziwani anatazama mwezi kabla hajatazama meni.

Jumamosi asubuhi watu walianza kushuka kutoka uwandani. Kwanza wachache, wenye magodoro kichwani, halafu wengi, na kuku waliofungwa miguu. Walisema kule juu kuna vita, waasi wametokea, askari wanapiga risasi, na kila upande unauliza watu wako upande gani. Malori yalikuwa yamesimama. Lori ambalo mzee Rusati alipaswa kulipanda halikuja.

Mwalimu alikwenda barabarani, akarudi, akaenda tena. Kila aliyetoka upande wa kaskazini alimuuliza habari za Kiringye, na kila mmoja alimpa habari tofauti. Perpetua hakwenda popote. Alikaa kwenye meza isiyo na kitu akakunja serviete nne, vile vitambaa vya kufutia mikono, kama nilivyomwonyesha, akazikunjua, akazikunja tena.

Saa kumi nilimwambia Papa Ramazani kwamba labda tuzime moto. Aliongeza mkaa.

Saa kumi na moja mzee Rusati alitokea kwenye njia ya ufukweni, anatembea kwa miguu, peke yake, koti la sherehe mabegani, viatu mkononi. Lori lilikuwa limemshusha Sange, likakataa kuendelea. Kutoka Sange alitembea. Perpetua alikwenda kupiga magoti mbele yake, naye akamwekea mkono kichwani. Perpetua akauliza mama yuko wapi.

"Amebaki kulinda mupunga," mzee alisema. "Nilimwambia twende wote. Akasema vita itapita kando ya barabara."

Aliketi kwenye gogo, akanawa miguu kwa maji ya ziwa, akavaa viatu, akasimama. Ndipo alipomgeukia mwalimu, na hakumpa mkono.

"Nilisema nitakuja siku ya posho," alisema. Kwetu Jumamosi ni siku ya posho. "Ndiyo hii."

Wakaketi watatu, na kiti cha nne tukakiacha. Nilileta supu. Nimewahi kuhudumia meza za watu waliochukiana, na kwa kawaida wanazungumza sana. Hawa hawakusema kitu. Mwalimu alikuwa ameandaa hotuba, niliiona karatasi ikichungulia mfukoni, lakini kila alipofungua kinywa aliingiza kijiko. Nilileta mukeke. Hapo mto Mulongwe ukabadilisha sauti, na nikajua mvua imekwisha kunyesha juu milimani na sasa inashuka kwetu.

Tulifungua miavuli. Mmoja kwa mzee, mmoja kwa Perpetua, mmoja kwa mwalimu, na mimi nikashika mmoja juu ya samaki. Papa Ramazani alikaa na ule mbovu juu ya moto. Kama mmewahi kujaribu kula mukeke kwa mkono mmoja, mnajua hakuna njia, miiba ni mingi. Mzee alijaribu. Alikuwa amechoka, na upepo wa mlimani ulipofika uliuchukua mwavuli wake ukaugeuza kama ua, kisha ukaupeleka majini. Ulikuwa ule wa mkunga.

Mwalimu alisimama. Alizunguka meza na mwavuli wake, akasimama nyuma ya baba mkwe, akaushika juu ya kichwa chake. Yeye mwenyewe alikuwa nje kabisa. Maji yalimwingia kwenye kola yakamtokea kwenye suruali. Sahani yake ilijaa mpaka samaki akaelea. Mzee aliendelea kula, sasa kwa mikono miwili, polepole, bila kugeuka. Alimaliza upande mmoja wa samaki, akamgeuza, akamaliza upande wa pili. Naapa kwenu kwamba sijaona samaki akiliwa kwa muda mrefu hivyo.

Kisha akasema, akiwa bado anatazama sahani, "Barua yangu ilikufikia ao haikukufikia?"

"Haikunifikia, baba."

"Niliipa lori la mufanyabiashara wa Luvungi. Niliiweka mu mkono ya dereva."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba mhudumu wa meza hana masikio. Lakini lori hilo nililijua. Mwezi ule wa harusi lilishuka Uvira kwanza kabla ya kupanda Bukavu, likasombwa na mto kwenye kivuko cha chini, na dereva alikaa mwezi mzima Nyamianda, chumba cha pili kutoka changu, mguu umefungwa vijiti, akimsimulia kila mtu jinsi mzigo wake wote ulivyokwenda ziwani. Nilimtazama Papa Ramazani. Alikuwa ananitazama pia. Akainua kidevu.

Nikamweleza mzee. Aliniuliza dereva anaitwaje, nikamtajia. Aliuliza ni mguu upi. Nikasema wa kushoto. Mzee alisogeza sahani yake pembeni, mvua ikimpiga mwalimu.

"Kaa," alimwambia mwishowe. "Samaki yako inarudia mu maji."

Mwalimu aliketi. Mwavuli ukawa katikati yao, ukiwafunika nusu nusu, na kila mmoja alilowa bega moja. Perpetua aliweka uso kwenye serviete. Ilikuwa ni wakati huo, mvua ikianza kupungua, tuliposikia mngurumo upande wa kaskazini. Mwalimu alisema kwamba radi imehamia uwandani. Papa Ramazani alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, jinsi anavyosikiliza mafuta kama yamepata moto.

"Ile haiko mvua," alisema.

Mzee Rusati alipangusa mikono, akasimama, akasema anarudi kumchukua mke wake. Perpetua alimshika koti, akamwambia giza linaingia, njia imejaa watu wenye bunduki. Alikubali kungoja mpaka alfajiri, si zaidi. Mwalimu alisema wataenda wote wawili. Mzee alimtazama viatu, vilikuwa viatu vya ngozi vyenye kamba, akamwambia avue. Usiku ule mzee alilala chini ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Kama mtumbwi uliopinduliwa ni paa, hatukumuuliza.

Waliondoka na baiskeli yangu.

Sitawaambia kwamba siku nne zile za kuwangoja zilikuwa ndefu. Kazi ilikuwepo. Watu wa uwandani walijaa ufukweni, na Papa Ramazani alipika sufuria kubwa ya maharage kila mchana bila kuulizwa na mtu. Mwezi uliofuata waasi waliingia mjini, naye akawapikia wao pia, kwa kuwa hakuwa na namna. Walimwambia dawa yao ya kuzuia risasi inakataza kula kitu kilichoguswa na mwanamke. Aliwauliza, kwa adabu, kama kuku jike anahesabiwa. Hawakuwa wamelifikiria. Walikwenda kuuliza kwa wakubwa wao, na mpaka jibu liliporudi kuku walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya kutoroka, au ndivyo alivyowaambia. Alipita wakati ule wote bila kufukuzwa na yeyote, na aliachia kijiko siku mguu wake ulipokataa ngazi. Lakini hayo ni ya baadaye. Katika siku nne zile Perpetua alifua vitambaa vyote vya nyumba, hata visafi, na hakuuliza mtu yeyote kitu chochote. Mara moja tu aliniambia, akiwa anakamua nape, kwamba akimpoteza mmoja hatajua jinsi ya kumtazama mwingine. Nilishika upande wa pili wa kitambaa tukakamua pamoja.

Siku ya tano asubuhi walifika. Mwalimu alikuwa anasukuma baiskeli, mama mkwe ameketi nyuma juu ya gunia la mpunga ambao alikataa kuuacha, na mzee mbele. Mwalimu alikuwa amepungua, hana kravati, na alikuwa anajikwaa kwenye kila jiwe. Tulidhani ni uchovu.

Mama ndiye aliyetueleza, akila, bila kupandisha sauti. Karibu na Luberizi njia ilikuwa imefungwa na vijana wenye mikuki na bunduki chache, na walikuwa wanawatoa pembeni makarani na walimu, watu wote wa kalamu. Waliotolewa pembeni hawakurudi barabarani. Mzee alikiona kizuizi kutoka mbali. Alisimama, akamvua mkwe wake miwani, akaitupa mtoni, akampaka tope miguuni.

"Akamwambia, usiseme kitu, hata jina yako," mama alisema. "Weye unasema kama kitabu."

Kizuizini vijana walimuuliza mwalimu maswali, naye akanyamaza. Wakamuuliza kwa kumsukuma. Akanyamaza. Mzee akawaambia kwa Kifuliiru kwamba huyu ni bubu tangu kuzaliwa, wanamtumia kusukuma mizigo, na kama wanataka kusukuma mama mzee na gunia mpaka Uvira wao wenyewe, wamchukue. Waliutazama mzigo. Wakawaacha wapite. Mwalimu aliendelea kunyamaza siku nzima iliyofuata, njia nzima, mpaka mzee akamwambia kwamba sasa inatosha.

Nilipokuwa naanza kazi nilidhani ukipanga vizuri, siku itakuja kama ulivyoipanga. Ninyi nanyi mnadhani hivyo, ninawaona na madaftari yenu. Pangeni. Shoneni vijiwe kwenye pembe. Kisha mwekeni mtu mezani, mpeni samaki wake akiwa moto, na msiondoe kiti cha aliyechelewa. Mengine mtayaona yakitokea mbele yenu, na kazi yenu itakuwa kushika mwavuli.

Asubuhi baada ya kurudi kwao, wote wanne wakiwa wameamua kuukimbia mji, kulikuwa na boti moja, ya mizigo, iliyokuwa inavuka kwenda Bujumbura, ile Usumbura ya zamani. Ilikuwa imejaa hata kabla hatujafika. Mwenye boti, mtu mnene mwenye sauti iliyokwisha kukauka kwa kukataa watu, alikuwa anasema kila mara kitu kimoja: familia kwanza, wazee na wanawake, vijana wanaume wangoje ya pili. Kila mtu pale ufukweni alijua kwamba hakuna ya pili.

Niliwafungia mukeke mkavu kwenye majani, na Papa Ramazani aliwaletea chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa. Mwenye boti alimshika mzee mkono ili amvushe, akamuuliza familia yake iko watu wangapi.

"Tuko wane," mzee Rusati alisema.

Mwenye boti alimtazama mama, akamtazama Perpetua, akamtazama yule kijana mrefu mwenye tope aliyesimama nyuma na mikono mitupu, kravati haipo, miwani haipo.

"Naona watatu, muzee. Huyu ni nani?"

Mwalimu alianza kurudi nyuma, hatua moja, maji yakimfika magotini. Perpetua naye akashuka alikokuwa amekwisha kupanda. Mzee hakumgeukia yeyote kati yao. Alikuwa bado ameshikwa mkono na mwenye boti, na hakuuachia.

"Nimesema wane."

Mwenye boti alihamisha gunia la chumvi, akalipakata mwenyewe mapajani. Wakapanda wote.

Mimi na Papa Ramazani tuliisukuma boti mpaka maji yakatufika kifuani, tukasimama pale. Ilipokuwa imeshika njia, mwalimu alisimama kati ya mizigo, akainua mkono juu, akatuaga kwa muda mrefu, kwa heshima zote. Bila miwani hakutuona. Aliuaga mti wa kufungia mitumbwi, hatua ishirini kutoka tulipokuwa, na Papa Ramazani, baada ya kufikiri kidogo, alitembea ndani ya maji mpaka kwenye ule mti, akasimama mbele yake, akainua mkono naye.